Kisigino cha Kushoto

Nilikuwa na miaka saba, mabegani mwa binamu yangu Rodel,
siku Papa alipopita Manila.
Watu walikesha njiani wamelalia maboksi yaliyokunjuliwa,
na baadaye kila mmoja alisimulia uso:
alinitazama mimi, alinitabasamia mimi.
Mimi uso sikuuona.
Mwavuli wa mtawa mmoja ulinikinga,
na chini ya ukingo wake, kwa kupepesa jicho mara tatu,
nikaona kiatu.

Cheusi. Si cha kifalme.
Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje.

Sisi ni watu wa Marikina, kwetu kiatu husomwa.
Kabla sijaikariri Salamu Maria
nilijua harufu ya gundi, na uzi uliopakwa nta,
nilijua nani mjini anaburuta mguu,
nani anatembea kwa hasira,
nani amepigia magoti mpaka ncha za viatu zimekunjamana.

Usiku ule nikamwambia Baba: Papa anaumwa nyonga.
Baba hakucheka.
Aliweka nyundo chini, akauliza,
"Ya upande gani?"

Tangu hapo, rozari ya jioni ilipofika kwenye nia za Baba Mtakatifu,
wenzangu waliombea nia zake.
Mimi niliombea nyonga.

Sikumpenda kama wanavyompenda wenye fulana zenye sura yake.
Nilimpenda kama mteja
ambaye hajaja kuchukua mzigo wake,
unaupangusa, unaurudisha rafuni,
unajiambia atakuja kesho.

Mto ukafurika, ukala mashine mbili za kushonea na kalibu zote za watoto.
Nikakua. Nikaanza kusoma alichoandika.
Katika waraka mmoja palikuwa na sentensi,
sentensi moja tu, fupi,
na kwa sababu yake rafiki yangu Jomar aliacha kuja Misa.
Niliisoma nimekaa ngazini pa kanisa,
nikairudia, nikairudia tena,
kana kwamba maneno yangechoka yakahama.
Hayakuhama.

Nilimkasirikia kama unavyomkasirikia mtu wa nyumbani,
mtu ambaye sahani yake utaiosha hata hivyo.
Nikageuza picha yake itazame ukuta.
Siku nne akatazama ukuta.
Siku ya tano nikakuta amegeuzwa,
amepanguswa, na sampagita mbichi pembeni.
Nyumba nzima hakuna aliyekiri.
Nikaiacha hivyo.

Sasa nina miaka kumi na tisa.
Juzi, kwenye televisheni ya karakana,
walimtoa kwenye kiti cha magurudumu,
miguu imewekwa juu ya vibati viwili kama vitu vya kuazima.
Kamera ikashuka kidogo, sijui kwa bahati mbaya,
nikaziona soli.

Safi.
Safi kabisa, kama za dirishani dukani.
Mwaka mzima labda hazijagusa jiwe.

Baba alizima mashine. Mimi pia nikazima.
Watu wengine hulia wakiona machozi,
sisi tulisimama pale, mikono ina gundi,
tunalia kwa ajili ya soli isiyolika.

Kwenye droo yangu kuna kiatu kimoja.
Sikuagizwa na mtu. Kipimo nilikikisia.
Ngozi ni ya ndama, kisigino cha kushoto nimekiinua milimita nne
upande wa nje, pale alipokuwa akizama.
Najua hatakivaa.
Najua pia ile sentensi bado ipo, ukurasa uleule,
na bado sikubaliani nayo.

Jana Jomar alipita kuazima baiskeli.
Akafungua droo akitafuta pampu, akakitoa.
"Cha nani?"
Nikasema, cha mzee mmoja anayechechemea.
Alinitazama kwa muda. Alijua.
Akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, polepole,
kama mtu anayesoma gizani,
kisha akauliza,
"Na cha kulia?"